Kasoro ya Mwendo au Kasoro ya Maelezo? Historia ya Dhana ya Ukimbiaji Mbaya na Majeraha ya Miguu

1. Utangulizi

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea, na kumaliza akiwa wa 57, wa mwisho miongoni mwa waliofika. Huenda hilo ndilo jeraha la mkimbiaji linalosimuliwa zaidi katika Afrika Mashariki: lina tukio, mahali na mashahidi. Majeraha mengi ya wakimbiaji hayana sifa hizo. Huanza kama maumivu madogo ya ugoko au kisigino, hujilimbikiza kwa majuma, na siku mhusika anapoanza kuchechemea hakumbuki yalianza lini. Kwa kuwa jeraha la aina hii halina tukio la kulieleza, wataalamu wamelitafutia chanzo katika namna mtu anavyokimbia.

Makala haya yanafuatilia historia ya maelezo hayo. Yanadai kwamba dhana ya “mwendo mbaya” imebadilishwa maana mara kadhaa, na kwamba kilichosalia baada ya mabadiliko hayo ni kanuni moja: mwendo huchangia jeraha pale unapoelekeza mzigo mara kwa mara kwenye sehemu ya mwili ambayo haijawa tayari kuubeba. Yanaonesha pia kwamba kanuni hiyo haiwezi kutumika kwa Kiswahili iwapo istilahi zetu hazitenganishi sehemu hizo.

2. Kutoka kupima mwendo hadi kuulaumu

Mwaka 1873, mwanafiziolojia Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha kitabu ambamo alieleza viatu vyenye chemba ya hewa kwenye soli. Unyayo ulipokanyaga, hewa ilisukumwa kupitia mrija hadi kwenye chombo cha kuandikia alama. Marey alitaka kujua mwendo ulivyo. Swali la jinsi mwendo unavyopaswa kuwa lilipata uzito baadaye, watu wengi wa kawaida walipoanza kukimbia.

Mwaka 1967, kocha Mmarekani Bill Bowerman, aliyekuwa amejionea kazi ya Arthur Lydiard huko New Zealand, alishirikiana na daktari kuandika kitabu kuhusu kukimbia polepole kwa ajili ya afya. Mwaka uliofuata, Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alichapisha kitabu chake kuhusu mazoezi ya kuimarisha moyo na mapafu. Watu ambao hawakuwahi kuwa wanariadha waliingia barabarani, na baadhi yao wakaishia kliniki. Mwaka 1978, James, Bates na Osternig walitoa ripoti ya wakimbiaji 180 waliojeruhiwa. Goti ndilo lililoongoza kwa kuumia, na chanzo kilichotajwa zaidi kilikuwa makosa ya mazoezi, hasa kukimbia umbali uliozidi uwezo.

Hata hivyo, katika miongo iliyofuata soko la viatu lilikazia jambo jingine: unyayo unaolalia ndani. Wanunuzi waligawanywa kwa umbo la unyayo, na kila kundi likapewa kiatu chake. Majaribio miongoni mwa askari wapya wa Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010, yalionesha kwamba kugawa viatu kwa kigezo hicho hakukupunguza majeraha. Mwaka 2014, utafiti wa Denmark uliofuatilia wakimbiaji wapya 927, wote wakivaa viatu vya kawaida, haukuona kwamba wenye unyayo unaolalia ndani walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

3. Kisigino na miili ya Afrika Mashariki

Lawama ilihamia kwenye kisigino. Mwaka 2010, Daniel Lieberman na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha, miongoni mwa wengine, wakimbiaji Wakalenjin wa Bonde la Ufa. Waliozoea kukimbia peku mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kuepuka kishindo cha ghafla kinachoonekana mtu anapotua kwa kisigino. Utafiti huo haukupima iwapo waliumia kidogo zaidi. Lakini umma ulikwisha kupata mfano wake: Mwafrika anayekimbia peku kama ishara ya mwendo wa asili.

Mfano huo haukudumu bila kupingwa. Mwaka 2013, Kevin Hatala na wenzake waliwapima Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya, ambao pia wamezoea kutembea peku. Katika kasi waliyoichagua wenyewe, walio wengi walitua kwa kisigino. Mwaka huohuo, watafiti wa Marekani walionesha kwamba wakimbiaji waliohamia viatu vyepesi visivyo na mto kwa wiki 10 walipata dalili za mfupa wa wayo kuelemewa kuliko wenzao waliobaki na viatu vya kawaida. Mwaka 2014, kampuni ya Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi kuhusu madai ya manufaa ya viatu vyake.

4. Mekanika inaeleza nini

Kushindwa kwa nadharia hizo hakumaanishi kwamba mwendo hauna athari. Mkimbiaji anayetupa mguu mbali mbele ya kiwiliwili, goti likiwa limenyooka, hujifungia breki kila hatua, na goti hubeba gharama hiyo. Mwaka 2011, Heiderscheit na wenzake walionesha kwamba kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 hadi 10, bila kubadili kasi, hupunguza mzigo kwenye goti na nyonga. Vilevile, paja linalovutwa ndani kupita kiasi limehusishwa na maumivu ya mbele ya goti.

Kila marekebisho yana bei. Anayehama kutoka kutua kwa kisigino hadi kutua kwa sehemu ya mbele hulipunguzia goti mzigo, lakini huuhamishia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Mwenye kano dhaifu akishauriwa hivyo, ameondolewa tatizo moja na kupewa jingine.

5. Suala la lugha

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Neno “mguu” hutaja kiungo chote kuanzia nyonga hadi vidole, na papo hapo hutaja wayo pekee. Kumbukumbu ya shule au zahanati inayosema “maumivu ya mguu” inafuta tofauti ambayo tiba na mazoezi huitegemea. Lugha haina upungufu: tuna ugoko, pia ya goti, shavu la mguu, kifundo, kano, wayo na kisigino. Kinachokosekana ni matumizi thabiti katika miongozo ya makocha na fomu za afya.

Neno “kasoro” nalo linahitaji tahadhari. Humhukumu mkimbiaji kwa kumlinganisha na mfano mmoja, ilhali historia inaonesha mfano huo ukibadilika. “Mwelekeo wa mzigo” ni istilahi sahihi zaidi, kwa kuwa humlazimu mwandishi kutaja mzigo umeelekea wapi.

6. Hitimisho

Washauri wa sera za michezo wanaweza kuchukua mambo matatu. Kwanza, miongozo ianze na kiasi cha mazoezi kabla ya mtindo. Pili, mwendo wa kijana asiye na maumivu usibadilishwe kwa sababu tu haufanani na wa bingwa. Tatu, fomu zitaje sehemu iliyoumia kwa jina lake. Jeraha la Akhwari lilionekana na dunia nzima. Haya yanayojilimbikiza kimyakimya yataonekana tu yakiandikwa kwa usahihi.