Nani Ameiandika Insha Hii? Akili Unde na Kazi za Nyumbani Vyuoni

Kabla ya Novemba 30, 2022, siku programu ya akili unde ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, vijana wengi wa Kenya waliohitimu vyuo na kukosa ajira walikuwa wakijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Biashara hiyo haikuwa siri. Gazeti la New York Times liliieleza kwa kirefu mwaka 2019. Australia ilitunga sheria ya kuizuia mwaka 2020, na mwaka 2022 Bunge la Uingereza likaiharamisha katika England. Mwandishi wa Nairobi alipokea swali jioni, akakesha nalo, na kulipokucha mteja wake wa ng'ambo alikuwa na insha mpya kabisa, yenye rejea zote, ambayo haijawahi kuonekana popote duniani. Programu za kukagua unukuzi ziliipitisha bila tatizo, maana haikunukuliwa kutoka kokote.

Naanza na habari hiyo kwa makusudi. Wanataaluma wengi wanaizungumzia akili unde kana kwamba zamani mhadhiri alijua kwa hakika kazi iliyo mezani pake imeandikwa na nani. Hakujua. Mtafiti Philip Newton alikusanya tafiti 65 na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 2018. Katika tafiti za kuanzia mwaka 2014, wastani wa asilimia 15.7 ya wanafunzi walikiri kumlipa mtu awafanyie kazi. Hapa kwetu Tanzania nani asiyejua yanayoendelea kwenye steshenari za nje ya geti, au madesa, yaani notisi na majibu ya zamani, yanayorithishwa mwaka hadi mwaka? Nani hajasahihisha kazi ya kikundi yenye majina kumi na namba za usajili kumi kwenye ukurasa wa kwanza, ilhali kuanzia ukurasa wa pili anasikika mtu mmoja tu? Akili unde haikuuleta udanganyifu vyuoni. Ilichofanya ni kuushusha bei mpaka karibu na bure, ukamfikia na yule ambaye zamani hakuwa na fedha wala ujasiri wa kumtafuta wa kumwandikia.

Makala haya yanadai kwamba maandishi peke yake hayawezi kumtambulisha aliyeyaandika, na kwamba chuo kinachosimamia matumizi ya akili unde kwa kuyapekua maandishi yaliyokwisha kukabidhiwa kinatafuta ushahidi mahali usipokuwapo. Ushahidi umo kwa mwanafunzi mwenyewe. Njia ya kuupata ni kumwuliza.

Tuziangalie kwanza zana za ugunduzi, kwa kuwa ndizo zinazokimbiliwa. Mwezi Januari 2023, OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, ilitoa zana yake ya kutambua maandishi ya mashine. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, zana hiyo ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na ikayashuku kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Mwezi Julai mwaka huohuo iliondolewa kwa sababu ya usahihi mdogo. Mtengenezaji wa mashine ameshindwa kuitambua kazi ya mashine yake. Sisi tunaonunua zana za watu wengine tunajiamini kwa lipi?

Mwaka 2023 pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu zana saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, ambao hufanywa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo, zote zikiwa zimeandikwa na binadamu, zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote. Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo halitajwi sana: watafiti walipoiagiza ChatGPT izitie insha za TOEFL msamiati wa kitajiri zaidi, kiwango cha kushukiwa kilishuka sana. Aliyeandika mwenyewe alitiwa hatiani. Mashine ilipomsaidia, akaachiwa.

Sababu yake si fumbo. Zana hizi hupima, pamoja na mambo mengine, ni kwa kiasi gani neno linalofuata lingeweza kutabirika. Maneno ya kawaida katika mpangilio wa kawaida huonekana kama kazi ya mashine. Sasa mchukue kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia alipoingia kidato cha kwanza, kisha kwa miaka minne akafundishwa kwamba insha ya historia ina utangulizi, hoja sita na hitimisho, na kila hoja inafunguliwa kwa fungu lake la maneno linalojulikana. Amekariri mafungu hayo kwa sababu ndiyo yaliyompa alama. Akifika chuo kikuu huandika hivyohivyo, kwa sentensi fupi, salama, zisizo na vituko. Kwa kipimo cha utabirikaji, mtoto huyu ni mashine. Tumemfundisha sisi wenyewe kuandika hivyo, kisha tunamwita mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu ameandika hivyo.

Watetezi wa zana hizi husema za sasa zimeboreshwa na makosa yake hayafiki asilimia moja. Tukubali kwa ajili ya hoja. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilipiga hesabu hiyo mwaka 2023. Mwaka uliotangulia kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin, mfumo wa kukagua unukuzi. Asilimia moja ya hizo ni kazi 750 ambazo zingeshukiwa bure. Kikaizima sehemu ya kugundua akili unde. Ikumbukwe pia kwamba maandishi yaliyonukuliwa yana chanzo: mhadhiri hukifungua kitabu, akaweka kidole kwenye aya iliyoibiwa, na mwanafunzi akaiona. Asilimia ya akili unde haina chanzo cha kufungua. Mwanafunzi anaambiwa kazi yake ni asilimia 72 ya mashine, na hakuna popote anapoweza kukata rufaa ila kwa kuapa. Kwetu, ambako kesi kama hiyo yaweza kuishia kwenye "kudisko", yaani kuondolewa masomoni, huo ni mzigo wa ushahidi uliogeuzwa kichwa chini.

Wapo wasemao hawahitaji zana, macho yao yanatosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliwasilisha majibu ya wanafunzi hewa 33 katika mitihani ya saikolojia iliyofanywa nyumbani, yote yakiwa yameandikwa na akili unde, bila kuwaambia wasahihishaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: asilimia 94 ya majibu hayo hayakushukiwa, na kwa wastani yalipata alama za juu kuliko za wanafunzi halisi. Wasahihishaji wale hawakuwa wazembe. Walipewa kazi isiyofanyika.

Jambo moja, hata hivyo, maandishi yanaweza kulithibitisha bila kubahatisha, nalo ni rejea isiyokuwapo. Programu za akili unde hubuni vitabu, makala na hata kurasa. Mwezi Juni 2023, jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, kwa kuwasilisha hukumu za kubuni walizopewa na ChatGPT na kuendelea kuzitetea. Mwanafunzi akitaja kitabu ambacho hakijapata kuchapwa, kosa limekamilika, awe amekibuni yeye au mashine. Hakuna haja ya kujua ni nani. Kanuni zetu zingepata nguvu kubwa kama zingejengwa juu ya makosa ya aina hii yanayoonekana na kila mtu: rejea ya uongo, takwimu za uwandani zisizo na daftari la uwandani, nukuu isiyomo katika ukurasa uliotajwa.

Vipi basi kupiga marufuku moja kwa moja? Marufuku isiyoweza kusimamiwa huwaadhibu watiifu. Zaidi ya hapo, hutia kapu moja matumizi yasiyofanana. Mwanafunzi wa uhandisi aliyepima mwenyewe ubora wa maji ya visima kijijini kwao, akachora jedwali lake, kisha akaiomba programu imnyooshee Kiingereza, hakufanya kosa alilofanya mwenzake aliyeomba aandikiwe ripoti nzima. Wa kwanza ameifanya kazi tuliyotaka kuipima. Lakini mhamishe huyohuyo kwenye somo la stadi za mawasiliano, ambalo linapima uwezo wa kuandika Kiingereza kilichonyooka, na kunyooshewa kunakuwa ndiko kudanganya. Ruhusa haiwezi kutolewa na waraka mmoja wa seneti kwa chuo kizima. Lazima iandikwe juu ya kila zoezi, na mtungaji wa zoezi, baada ya kujiuliza anapima nini. Nadhani walio wengi kati yetu hatujajiuliza. Tumerithi maswali ya waliotutangulia tukabadilisha mwaka.

Chuo Kikuu cha Sydney kimeligawa suala hili katika njia mbili. Kuna upimaji wa wazi, ambamo akili unde inaruhusiwa na mwanafunzi hufundishwa kuitumia, na kuna upimaji salama, unaofanyika chini ya usimamizi. Katikati hawakuacha nafasi ya insha ya nyumbani iliyopigwa marufuku kwa maneno tu. Mgawanyo huo naukubali, ila kwa vyuo vyetu hautoshi. Upimaji salama kwetu tayari tunao kwa wingi: nchini Tanzania zimezoeleka alama 60 kutoka mtihani wa mwisho na 40 kutoka kazi za muhula. Tukihamishia kila kitu ukumbini, tutakuwa tumeizika kazi pekee inayomfunza kijana kukaa na hoja kwa wiki tatu, akaitilia shaka, akairudia. Insha ndefu inastahili kubaki. Inachohitaji ni mahojiano nyuma yake.

Utaratibu wenyewe tunaujua. Tasnifu za uzamivu, na nyingi za uzamili, hutetewa kwa mdomo, na hakuna anayeona ajabu. Ajabu ni kwamba tunamsubirisha mwanafunzi mpaka afike huko ndipo aulizwe alichoandika. Pingamizi linalotajwa haraka ni idadi, na si pingamizi dogo. Darasa la watu 300, kila mmoja dakika 10, ni saa 50. Hakuna mhadhiri mwenye saa hizo. Lakini si lazima waitwe wote. Waitwe 30 kwa kura, na jumla ni saa tano, yaani siku moja ya kazi kwa mhadhiri na msaidizi wake. Kura ni muhimu kuliko idadi. Anayeitwa kwa kura hajashukiwa, na asiyeitwa hakujua kwamba hataitwa, kwa hiyo wote 300 wameandika wakijua wanaweza kuulizwa.

Maswali nayo si ya mtego. Kwa nini umemtumia mwandishi huyu ukamwacha yule? Aya hii ya ukurasa wa tatu, ieleze bila kuisoma. Ni hoja gani uliyoiandika ukaifuta? Swali la mwisho ndilo lenye nguvu, kwa sababu aliyeandika kweli ana majuto: anakumbuka sehemu iliyomsumbua, kitabu alichokikosa maktaba, mfano alioupenda ukakataa kuingia. Aliyepokea insha iliyokwisha hana alichofuta. Na iwapo aliitumia akili unde kisha akaipekua, akaipinga, akaielewa, mahojiano yatampitisha, na ni haki apite.

Masharti mawili ni ya lazima. Mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili hata kama insha ni ya Kiingereza, la sivyo tutarudi kulekule kumhukumu kwa lugha badala ya uelewa. Tena wawepo wasikilizaji wawili, na mazungumzo yarekodiwe, kwa maana mhadhiri mmoja na mwanafunzi mmoja katika chumba kilichofungwa ni mlango wa upendeleo na wa mabaya zaidi, na wasomaji wanaelewa ninachokisema. Kwa wenye kigugumizi au woga uliokithiri, majibu yaandikwe papo hapo, mbele ya wasikilizaji haohao.

Siamini kwamba utaratibu huu utamaliza udanganyifu. Utapunguza faida yake, basi. Wala hautaondoa tofauti kati ya anayelipia dola 20 kwa mwezi kupata toleo bora la programu na anayesubiri bando la usiku; hilo ni suala la maktaba na bajeti, linastahili makala yake.

Kwa bodi za idara zinazoandaa kanuni za mwaka ujao wa masomo, ombi langu ni hili: asilimia ya zana ya ugunduzi isipokewe kamwe kama ushahidi katika kamati ya nidhamu, na kila kazi ya nyumbani yenye alama itangazwe tangu wiki ya kwanza kuwa mwandishi wake anaweza kuitwa kuieleza. Idara isiyoweza kupata saa tano katika muhula kuwasikiliza wanafunzi wake haina haki ya kutoa alama kwa insha za nyumbani.