Risaga, Ensoni na Heshima ya Kazi katika Jamii ya Abagusii

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira nchini Kenya, wanakoishi Abagusii, kilimo cha wimbi kilitegemea risaga, yaani ujima wa majirani walioitwa kulima au kuvuna shamba la mwenzao na kuandaliwa pombe ya nafaka, pamoja na egesangio, kikundi kidogo ambacho wanachama wake walisaidiana kwa zamu. Kwa kuwa jasho lililipwa kwa jasho, aliyeonekana kuwadharau wenzake alihatarisha mavuno yake mwenyewe. Hata hivyo, ukimya wa mtu kazini haukuwa lazima dharau: ensoni, yaani haya iliyotawala uhusiano wa wazazi na watoto wao, ilimtaka mtu ajizuie mbele ya kizazi kilichomtangulia, na Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake huko katika miaka ya 1950, alieleza kuwa Abagusii waliweza kuzungumza bila kutazamana machoni. Wamisionari Waadventista Wasabato walipofika Nyanchwa, katika eneo hilo, katika miaka ya 1910 na kukataza pombe, kukataa kinywaji cha risaga kukawa uaminifu kwa muumini, ingawa jirani angeweza kuona kukataa huko kuwa majivuno. Kwa hiyo, mwenendo wa mtu kazini hauna budi kupimwa kwa desturi na imani zilizomlea kabla ya kuhukumiwa.