Dalili za mzee anayekaribia kuaga dunia

KATIKA vyumba vya kupanga vilivyo karibu na steji ya Kawangware 56, jijini Nairobi, mzee akilemewa na maradhi huwa hapana pa kumtenga. Hulala pale pale walalapo wajukuu, hatua chache kutoka jikoni. Jamaa huona kila badiliko la mwili wake, ila mara nyingi hawajui lina maana gani.

Kutojua huko kuna gharama. Wapo wanaokodi teksi usiku wa manane na kumzungusha hospitalini mtu aliyebakiza saa chache, akakata roho njiani au kwenye benchi la kungojea daktari. Wapo pia wanaokata tamaa mapema kwa kusema "ni uzee tu", kumbe mzee ana nimonia ambayo dawa za siku chache zingemwondolea.

Kwa hivyo jambo la kwanza kuchunguzwa ni kama kilichomwangusha kinatibika. Mzee aliyekuwa akitembea jana na leo hajitambui asidhaniwe kuwa anaaga. Maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, kushuka kwa sukari, malaria kwa aliyetoka magharibi mwa nchi karibuni, au hata dawa aliyobadilishiwa, vyaweza kumfanya aweweseke na kusinzia kutwa. Hewa ya sumu itokayo kwenye jiko la makaa katika chumba kilichofungwa nayo hulevya, kisha huua.

Mabadiliko ya ghafla yanahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kwa wasio na nauli ya kwenda mbali, wapo wahudumu wa afya wa mitaani. Zaidi ya 100,000 kati yao walizinduliwa rasmi na serikali mnamo Septemba 2023, wakiwa na vifaa vya kupimia presha na sukari nyumbani.

Kifo cha uzee au cha maradhi sugu, kwa kawaida, hubisha hodi mapema. Miezi kadhaa kabla, mzee hukonda, huanguka mara kwa mara, na maambukizi humrudia. Dalili inayostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba kila akiugua na kupona, harudi pale alipokuwa. Aliyekuwa akienda sokoni mwenyewe, baada ya nimonia ya kwanza huishia mlangoni. Baada ya ya pili, huishia kitandani. Kushuka huko ngazi kwa ngazi humweleza daktari mengi kuliko umri wa mgonjwa.

Katika wiki za mwisho mzee hulala sehemu kubwa ya mchana, huongea kidogo, na hamu ya chakula humtoka. Hapo ndipo ugomvi huzuka nyumbani. Binti hung'ang'ana na kijiko cha uji, naye kaka humlaumu kwamba anamtesa au, kinyume chake, kwamba anamwacha afe njaa. Ukweli ni kwamba mwili unaofunga kazi hauhitaji chakula kama awali. Mzee hafi kwa kuwa hakula, huacha kula kwa kuwa anakufa. Kumlazimisha kwaweza kuupeleka uji mapafuni. Inatosha kumpa kidogo anachokitaka akiwa macho na ameinuliwa kichwa, na kuilowesha midomo yake kwa kitambaa safi.

Ni katika kipindi hiki, si baadaye, familia inapopaswa kuamua kama atapelekwa mashambani. Wakazi wengi wa Kawangware wana asili ya Magharibi, na safari ya kufika huko hupita kilomita 300. Mzee anayetaka kufia kwao asafirishwe angali anaweza kuketi na kumeza dawa. Kusubiri hadi siku za mwisho na kumpandisha basi la usiku ni kumwongezea mateso. Kwamba kusafirisha maiti hugharimu mara nyingi zaidi ya nauli ya abiria ni jambo ambalo jamaa hulinong'ona kwa aibu, ingawa si la kuonewa aibu.

Siku za mwisho zina alama zake. Mkojo hupungua na kuwa mweusi. Mikono na miguu hupoa, na mabaka ya zambarau huweza kutokea magotini na nyayoni. Kwenye ngozi nyeusi huwa vigumu kuyaona, hivyo ni heri kupima ubaridi kwa kiganja. Mzee aweza kuzungumza na watu waliokufa zamani. Asibishiwe.

Pumzi nazo hubadilika. Huenda kasi, hupungua, husimama kwa nusu dakika au hata zaidi, kisha huanza upya. Madaktari huziita kwa majina ya John Cheyne na William Stokes, waliozieleza kule Dublin katika karne ya 19. Waswahili wa pwani wana neno lao la tangu kale kwa saa hizo: sakarati. Mkoromo unaosikika kooni ni mate ambayo mgonjwa hawezi tena kuyameza. Huwatisha wanaousikia kuliko unavyomuumiza yeye, na kumlaza ubavu huupunguza.

Baadhi ya wagonjwa huamka ghafla, wakaomba chai na kuwataja watoto wote kwa majina. Jamaa hufurahi wakidhani amepona, wengine hata huwarudisha nyumbani ndugu waliokuwa njiani kuja. Mara nyingi nafuu hiyo hudumu saa chache au siku moja. Ni wakati wa kuwaita ndugu, wala si wa kuwazuia.

Hata asipojibu, aendelee kusemeshwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulionyesha kuwa ubongo wa baadhi ya wagonjwa wasiojitambua saa za mwisho uliitikia sauti.

Maumivu hayapaswi kuvumiliwa kama sehemu ya kufa. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka wa 1990 katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta, hutoa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia makali mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Dkt Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo mwanzoni, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka wa 1993 na kueneza mofini ya maji, dawa ya bei nafuu inayonywewa nyumbani. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, na hutuliza pia pumzi zinazobana. Hufunga choo, kwa hivyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha.

Mzee akifia nyumbani, saa iandikwe na karatasi zake za kliniki zitunzwe. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka kifo kiripotiwe. Kwa kifo cha nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu wa eneo, ambaye hutoa kibali cha mazishi. Karatasi hizo za kliniki ndizo humwepushia mfiwa maswali mengi, hapo na mochari.