17,296 na Mwenzake: Urafiki wa Nambari

Ndugu msomaji, wajua kwamba hata nambari zina marafiki? Chukua 284. Nambari ndogo zinazoigawa bila kubakisha kitu ni 1, 2, 4, 71 na 142. Zijumlishe: utapata 220. Sasa fanya vivyo hivyo kwa 220, kuanzia 1, 2, 4, 5 mpaka 110. Jumla yake? 284! Waarabu waliziita nambari zinazopendana.

Jozi hiyo Wagiriki wa kale waliijua. Lakini jozi nyingine utaipata wapi? Ukibahatisha utazeeka.

Katika karne ya 9 Miladia, huko Baghdad, Thabit ibn Qurra alitoa kanuni ya kuzitafuta, na akaithibitisha. Thabit, aliyefariki mwaka 901, alikuwa Msabii kutoka Harran, si Mwislamu. Lakini Baghdad ya wakati ule ilimpa nafasi, maana ilitafuta elimu kwa yeyote aliye nayo.

Kanuni yake inatafuta nambari tatu maalumu ambazo hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mfano ni 23, 47 na 1,151. Zidisha 16 kwa 23, kisha kwa 47: utapata 17,296. Zidisha 16 kwa 1,151: utapata 18,416. Hao ni marafiki! Usituamini hivi hivi tu, chukua kalamu. Vigawanyo vya 18,416 ni 1, 2, 4, 8, 16, 1,151, 2,302, 4,604 na 9,208. Jumlisha uone.

Kufikia mwanzo wa karne ya 14, jozi hii ilikuwa imeandikwa na Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, na vilevile na Ibn al-Banna wa Marrakesh. Mwaka 1636 Mfaransa Fermat akaipata tena, na kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya vikaiita yake. Jozi ya 9,363,584 na 9,437,056 nayo alipewa Descartes, mwaka 1638, ingawa Muhammad Baqir Yazdi wa Uajemi naye aliipata katika karne hiyo hiyo.

Je, waliiba? La. Walikokotoa wenyewe. Tatizo ni kwamba maandishi ya hawa wa kwanza yalibaki yamefungwa mpaka watafiti wa karne ya 20 walipoyafungua na kuyasoma. Elimu isiyosomwa humtoka mwenyewe.

Basi vijana wenzangu, kujisifu kwa majina ya wazee hakutoshi. Mwaka 1866 kijana wa Kiitaliano wa miaka 16, Paganini, alipata 1,184 na 1,210, jozi ndogo iliyowapita wakubwa wote hao. Na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kama jozi hizi zina mwisho au hazina. Mlango bado uko wazi. Nani ataingia?