Mipaka ya Kuaminika: Historia ya Istilahi Moja ya Takwimu

Mtaalamu wa takwimu apimapo watu wachache ili kukadiria hali ya jamii nzima, hatoi tarakimu moja tu. Hutaja pia mipaka miwili, wa chini na wa juu. Mfasiri afuataye neno kwa neno huiita mipaka hiyo "kipindi cha kujiamini". Jina hilo lapotosha, kwani kipindi ni cha wakati, na kujiamini ni sifa ya mtu. Historia ya dhana yenyewe yaweza kutuongoza.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Laplace wa Ufaransa alikwisha kukadiria uwiano kwa kutaja na kiasi cha kosa. Mwaka 1927, Wilson wa Marekani alionyesha njia bora zaidi kwa sampuli ndogo. Lakini jina linalotumika leo lilienezwa na Neyman, mtaalamu wa Poland, katika makala aliyoisoma London mwaka 1934. Yeye alisisitiza kwamba uwiano wa kweli ni mmoja na hausogei. Kinachobadilika kila tuchukuapo sampuli mpya ni mipaka. Asilimia 95 itajwayo ni sifa ya njia: katika sampuli 100, mipaka ya takriban 95 itauzingira ukweli.

Tutazame mfano wa nyumbani. Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, ulikuwa katika Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulikadiria maambukizi ya Virusi vya UKIMWI mkoani Mbeya kuwa asilimia 9.2 ya watu wazima. Ule wa mwaka 2011–12 ulitaja asilimia 9.0. Je, maambukizi yalipungua?

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba walipimwa watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na 36 wakaonekana na virusi, yaani asilimia 9. Tunazidisha 0.09 kwa salio lake, 0.91; tunagawanya kwa 400; tunatafuta kipeuo cha pili, nacho ni 0.0143. Tukikizidisha kwa 1.96 tunapata 0.028. Basi mipaka ni asilimia 6.2 na 11.8. Katika uchunguzi halisi, ambapo kaya huchaguliwa kwa mafungu, mipaka kwa kawaida hupanuka zaidi. Ni dhahiri kwamba tofauti ya 9.2 na 9.0 haitoshi kumfanya mtumishi wa serikali atangaze ushindi, wala kupunguza dawa katika zahanati za njia kuu ya Zambia.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi "mipaka ya kuaminika". "Imani" ingeiweka dhana hii katika nafsi ya msomaji, na "uhakika" ungeahidi kuliko hesabu iwezavyo kutoa. "Kuaminika" ni sifa ya kitu kilichojaribiwa, kama mizani ya sokoni: haituapii kwamba kila kipimo ni sawasawa, bali hukosea mara chache, nasi twajua ni mara ngapi. Mwalimu akiitumia darasani na mfasiri katika taarifa, msomaji atauliza swali lipasalo: si "ni asilimia ngapi?" tu, bali "kati ya ngapi na ngapi?"