Moto wa Mann Gulch na risasi ya Cleveland

Vijana wenzangu, leo tuongee kidogo historia ya wazima moto wa Marekani, halafu mtaona polisi wanaingia wapi.

Tarehe 5 Agosti 1949, wazima moto 15 waliruka na miavuli, wakatua bonde la Mann Gulch, Montana. Mlinzi mmoja wa msitu akaungana nao. Moto ulionekana wa kawaida tu. Kumbe ulikuwa umeshavuka bonde, ukawazibia njia ya mtoni. Wakageuka, wakakimbia kupanda mlima kwenye nyasi kavu. Kiongozi wao, Wagner Dodge, akawasha kiberiti, akachoma nyasi za mbele yake, akalala kwenye majivu akiwaita wenzake. Hakuna aliyemfuata. Wewe ungemfuata? Walikufa watu 13.

Kubishana kama Dodge alikosea kulikuwepo, lakini hawakuishia hapo. Mwaka 1957 Idara ya Misitu ilipitia mioto mingi iliyoua watu, ikatoa amri 10: jua moto unafanya nini, weka mtu wa kuangalia, jua njia ya kutokea na waambie wenzako. Yaani waligundua kwamba mtu hafi dakika ile ya mwisho tu. Anaanza kufa pale alipoingia vibaya.

Sasa njoo Cleveland, 22 Novemba 2014. Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa na bastola ya kuchezea kwenye bustani ya mji. Aliyepiga simu alisema pengine ni ya bandia, na pengine huyo ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari. Gari likaendeshwa mpaka karibu naye kabisa, na ndani ya sekunde kama 2 akapigwa risasi. Kesho yake akafa. Hakuna askari aliyeshtakiwa.

Mahakama ya juu ya Marekani ilishasema mwaka 1989 kwamba askari apimwe kwa kile alichokiona pale pale, juu anaamua haraka. Sawa. Lakini haraka hiyo ilitoka wapi, kama si kwenye kuegesha gari pale? Mzima moto angeulizwa hilo kwanza, na yule aliyepokea simu angeulizwa pia.

Mwaka 2016 PERF, shirika la wakuu wa polisi, lilitoa kanuni 30 zinazosisitiza umbali na muda. Chama kikubwa cha askari, FOP, kikazipinga.