Vunjajungu

Shaabani ikielekea ukingoni, Tandika na Mwananyamala swali ni moja: "Vunjajungu mnaenda wapi?" Ndiyo karamu ya kuagana na kula mchana kabla ya Ramadhani. Wengine hukimbilia fukwe za Kigamboni, wengine hujaza kumbi za taarabu. Masheikh hukemea kila mwaka. Pilau haina ubaya. Kinachowaudhi ni bia inayofakamiwa kwa pupa.

Jungu ni chungu kikubwa. Kamusi zinampa jina la vunjajungu pia yule mdudu wa kijani anayekunja mikono utadhani anaomba dua. Wazee walisema ukimgusa, chombo utakachoshika baadaye kitavunjika.

Kwa kipindi hiki wahenga walikuwa na jina la staha zaidi. Shaabani waliuita Mlisho, na Shawali Mfunguo Mosi: ulishwe, ufunge, ufungue. Siku hizi Mlisho hausikiki sana mjini, na mimi naona hasara, kwani ndani yake mlikuwa na habari ya kuuandaa mwili, si ya kuuaga ulevi.

Wayahudi wameliweka hilo kwenye sheria. Kabla ya Yom Kippur, mfungo wa saa kama 25 bila hata tone la maji, kula tarehe 9 ya mwezi wa Tishrei ni wajibu, na Talmudi inamhesabia mlaji huyo kama aliyefunga siku zote mbili.

Kwetu sunna iko kwenye daku, mlo wa kabla ya alfajiri. Uswahilini ni wali, maharage na maji ya kutosha. Vijana hupita vichochoroni usiku wakigonga madebe: "Daku! Daku!" Aliyepitiwa na usingizi atawakumbuka saa nane mchana.